Michael Faraday, mtoto wa mhunzi ambaye kazi yake inawasha Likasi

Mtu aliyegundua nguvu inayowezesha jiko la induksheni kupika bukari hakuwahi kufika Katanga, wala hakusoma chuo kikuu. Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 karibu na London, Uingereza, na akafariki mwaka 1867. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 kabla ya mtambo wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kuanza kutoa umeme kwa viwanda vya Likasi.

Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na nyumbani njaa haikuwa jambo geni. Inasimuliwa kwamba kuna wakati Michael alipewa mkate mmoja tu wa kula wiki nzima. Shule ilimpa kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Alipofika miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa mfunga vitabu, na huko alikaa miaka saba. Vitabu vilivyoletwa kufungwa alivisoma, hasa vile vilivyozungumzia umeme na kemia.

Mwaka 1812 alipata tiketi za kusikiliza mafundisho ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa wakati huo. Aliandika yote aliyosikia, akayafunga kama kitabu, akamtumia Davy pamoja na ombi la kazi. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya Royal Institution. Alipomsindikiza Davy katika safari ya Ulaya, mara nyingi alitendewa kama mtumishi wa nyumbani. Alivumilia, akaendelea kujifunza.

Siku kubwa ilikuwa tarehe 29 Agosti 1831. Faraday alizungushia waya mara mbili kwenye pete ya chuma, kila waya upande wake. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano kwenye waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoukata umeme, ikatikisika tena. Akaelewa kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika, inazaa umeme katika waya ulio karibu. Isipobadilika, hakuna kitu. Oktoba mwaka uleule alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku na kupata umeme usiokatika. Hiyo ndiyo ilikuwa jenereta ya kwanza.

Maji ya Lufira yanafanya kazi hiyohiyo huko Mwadingusha tangu mwaka 1930, na huko Koni tangu mwaka 1950. Maji yanasukuma turbini, turbini inazungusha jenereta. Maji yakipungua au mashine ikisimama, umeme nao unapungua, na wakaaji wanaingia katika zamu za kukatiwa, zile delestaji.

Jiko la induksheni nalo ni pete ya Faraday iliyogeuzwa kuwa chombo cha jikoni. Chini ya kioo kuna waya wa shaba uliozungushwa. Umeme unaopita humo unabadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na hivyo unazaa umeme mwingine ndani ya kitako cha sufuria. Sufuria yenyewe ndiyo inayopata moto. Ndiyo maana joto linalopotea ni dogo kuliko kwenye mbabula ya makala. Lakini sufuria za alumini, ambazo ni nyingi sokoni, hazifai kwa majiko ya kawaida ya aina hii. Kipimo ni rahisi: sumaku ishike kitako.

Pia jiko hilo halitoi joto la bure. Lile la wati 2,000, kwenye volti 220, linavuta ampea 9 hivi. Nyumba yenye disjonkteri ya ampea 10 inapata wati 2,200 tu kwa mara moja. Mama akipika, na mtoto akachomeka pasi ya wati 1,000, umeme unakatika nyumba nzima. Kuweka disjonkteri kubwa bila kubadili waya mwembamba ukutani ni kuita moto ndani ya nyumba. Dawa ni kupunguza kiwango cha jiko, au kupika kwanza na kupiga pasi baadaye.

Faraday hakuishia hapo. Kati ya mwaka 1833 na 1834 alionyesha kwamba wingi wa metali inayotolewa na umeme ndani ya maji ya kemikali unategemea kiasi cha umeme uliopita. Kiwanda cha Shituru, huko Likasi, kinatengeneza shaba kwa kanuni hiyo tangu mwaka 1929. Kwa hiyo viwanda na majiko ya mji mmoja vinategemea mito ileile.

Hata alipojulikana dunia nzima, Faraday aliendelea kufundisha watoto wakati wa Noeli, na mwaka 1860 aliwaeleza kemia kwa kutumia mshumaa. Alikataa cheo cha heshima cha ufalme, na alikataa kuwa rais wa Royal Society. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Alikuwa amekataa kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa nchi, akalazwa katika makaburi ya Highgate, chini ya jiwe la kawaida.