Linnaeus: Aliyeipa mimea majina akawakosea Waafrika

Mnazi wa Kilifi, mwembe wa Machakos, mkwaju wa Mwingi na mbuyu wa Kibwezi yote ina majina ya kisayansi yaliyotolewa na mtu mmoja, ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Mtu huyo ni Carl Linnaeus. Sanamu yake ya marumaru, kazi ya mchongaji Johan Niclas Byström, imewekwa katika jumba la Linneanum, ndani ya bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi.

Alizaliwa Mei 23, 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Babaye, Nils, alikuwa mhubiri wa Kilutheri aliyependa mno kilimo cha bustani. Hata jina la Linnaeus alilitunga kutokana na mti mkubwa wa linden uliokuwa katika ardhi ya ukoo wake. Wazazi walitamani mwana awe kasisi, ila walimu wake mjini Växjö hawakumwona kuwa wa kazi hiyo. Aliyemwokoa ni daktari Johan Rothman, aliyemshauri baba amwache asomee utabibu. Enzi hizo elimu ya mimea ilikuwa sehemu ya utabibu.

Alifika Uppsala mwaka wa 1728 akiwa fukara, akiziba matundu ya viatu vyake kwa karatasi. Chuo kilikuwa na bustani iliyoanzishwa na Olof Rudbeck mwaka wa 1655, lakini tangu mji uteketee kwa moto mnamo 1702 ilikuwa imedhoofika. Humo ndimo Olof Celsius, msomi wa dini, alimomkuta kijana huyo akichunguza mimea, akampa makao na chakula. Mwaka wa 1730 Linnaeus alikuwa tayari akiwafundisha wengine katika bustani hiyo hiyo.

Mnamo 1735 alikwenda Uholanzi kuchukua shahada ya udaktari. Huko aliufanya mgomba uchanue na kuzaa ndani ya nyumba ya vioo ya tajiri George Clifford. Msomaji wa Kisii huenda akacheka, kwa kuwa ndizi kwake ni jambo la kila siku, lakini Ulaya ilistaajabu, naye Linnaeus akauandikia mgomba huo mmoja kitabu kizima.

Alipopewa uprofesa Uppsala mwaka wa 1741, aliifufua bustani ya Rudbeck na kuipanga upya akisaidiana na msanifu majengo Carl Hårleman. Hadi wakati huo mmea mmoja uliweza kubeba jina refu kama sentensi ya Kilatini. Katika kitabu chake cha 1753, Linnaeus aliupa kila mmea jina la maneno mawili tu, na utaratibu huo ndio unaofuatwa na wataalamu kote duniani hadi leo. Mbegu na vielelezo aliletewa na wanafunzi aliowatuma ng'ambo, na kadhaa kati yao hawakurudi. Peter Forsskål, kwa mfano, alifariki Yemen mwaka wa 1763.

Hata hivyo, kalamu hiyo haikuishia kwa mimea. Katika toleo la 1758 la kitabu chake kuhusu maumbile, aliwagawa wanadamu katika makundi kwa bara na rangi, kisha akayabandika makundi hayo tabia. Mzungu alisifiwa kwa akili na kwa kufuata sheria. Mwafrika aliitwa mvivu, mjanja na asiye na mwongozo. Mtu aliyekesha akihesabu viungo vya ua kabla ya kulitaja aliridhika na uvumi alipowataja watu asiowahi kuishi nao. Mwaka wa 2020 baadhi ya raia wa Uswidi walitaka sanamu yake iliyoko Stockholm iondolewe. Haikuondolewa.

Alifariki Januari 10, 1778 na kuzikwa katika kanisa kuu la Uppsala. Makusanyo yake yaliuzwa na mjane wake mwaka wa 1784 kwa Mwingereza James Edward Smith, yakapelekwa London. Bustani nayo ilikuwa katika ardhi ya maji maji, na mwanafunzi wake wa zamani, Carl Peter Thunberg, akamshawishi Mfalme Gustav III kukipa chuo bustani ya kasri mwaka wa 1787. Jumba la Linneanum lilifunguliwa humo mwaka wa 1807, miaka 100 tangu Linnaeus azaliwe, na sanamu iliyogharimiwa na wanafunzi ikawekwa mwaka wa 1829.

Kwa hivyo sanamu hiyo imo katika bustani ambayo Linnaeus hakuilima. Ile aliyoilima ilitelekezwa kwa zaidi ya karne moja, hadi ilipoanza kurejeshwa mnamo 1917 kwa kufuata ramani yake ya 1745. Leo hupandwa humo mimea ambayo yeye mwenyewe aliikuza, katika vitalu vilivyopangwa alivyovipanga.