James Robinson: Mchungaji aliyewapa wanafunzi wa Marekani jembe la Afrika

MIAKA mitatu kabla ya Rais John Kennedy kuunda shirika la Peace Corps, mchungaji mmoja mweusi wa mtaa wa Harlem, New York, alikuwa tayari amewapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu Afrika Magharibi kubeba mawe na kuchanganya saruji bila ujira.

Mchungaji huyo alikuwa James Herman Robinson, mwasisi wa Operation Crossroads Africa, jina linaloashiria bara lililofika njia panda.

Robinson alizaliwa mwaka wa 1907 mjini Knoxville, jimbo la Tennessee, katika familia maskini. Enzi hizo, sheria na desturi za kusini mwa Marekani zilimtenga mtu mweusi na Mzungu kuanzia shuleni hadi makaburini. Alikua akiwa na uchungu mwingi dhidi ya Wazungu, na hakuuficha katika tawasifu yake, Road Without Turning, iliyochapishwa mwaka wa 1950.

Elimu ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka wa 1935 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo ambacho pia kiliwasomesha Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Miaka mitatu baadaye alikamilisha masomo ya theolojia jijini New York, akawa mchungaji wa kanisa la Presbyterian la Church of the Master, Harlem.

Ni katika kazi hiyo alipogundua siri ambayo ingeongoza maisha yake. Aliwaalika wanafunzi, weusi kwa weupe, wasaidie kujenga kambi ya likizo ya watoto wa Harlem huko New Hampshire. Vijana walioshika koleo pamoja walizoeana upesi kuliko waliohubiriwa kupendana.

Mwaka wa 1954, Robinson alizuru Afrika kwa niaba ya kanisa lake. Alikuta bara linalokaribia uhuru na vijana wenye kiu ya elimu. Aidha, alikuta shaka kubwa kuhusu Marekani, nchi iliyosifu uhuru ilhali ikiwanyima raia wake weusi haki.

Aliporejea nyumbani, alizunguka vyuoni akiwashawishi wanafunzi wakajionee wenyewe. Mwaka wa 1957 akaasisi shirika lake, na mwaka uliofuata wanafunzi wapatao 60 wakasafiri wakati wa likizo ndefu. Waligawanywa katika makundi yaliyokwenda Ghana, Nigeria, Liberia, Sierra Leone na Cameroon.

Masharti yake yalikuwa magumu. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchangia gharama ya safari yake, na makundi yalichanganya watu wa rangi mbalimbali. Zaidi ya yote, wageni walifanya kazi bega kwa bega na vijana wenyeji, si juu yao. Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu. Wageni wa Robinson walitarajiwa kulishika mapema.

Hata hivyo, mpango huo haukukosa maswali. Mwanafunzi asiyejua kujenga angefanya nini kwa majuma machache, kazi ambayo fundi wa kijijini angeifanya vizuri zaidi? Je, nauli hiyo isingetosha kununua mabati na saruji?

Robinson hakudai kwamba kuta za darasa moja zingemaliza umaskini. Kwake, jengo lilikuwa sababu ya kukutana. Faida kubwa ilikuwa kwa kijana aliyerudi Marekani akiwa ameishi na Mwafrika kama mwenzake, akaanza kuitazama nchi yake kwa jicho jipya. Ndiyo maana alisisitiza usawa: bila huo, safari ingekuwa utalii tu, au sadaka ya kumdhalilisha anayepokea.

Mnamo Machi 1961, Kennedy aliunda Peace Corps, na mwaka huohuo vijana wa kwanza wa shirika hilo wakawasili Ghana na Tanganyika. Mwaka wa 1962 rais huyo aliwapokea wanafunzi wa Crossroads katika Ikulu ya White House, akakiri kwamba wao ndio waliotangulia.

Wakati huo Robinson alikuwa ameacha uchungaji wa Harlem ili aliongoze shirika lake, huku akihangaika kutafuta fedha mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwa waliopitia mpango huo ni Eleanor Holmes Norton, mwanasheria aliyeingia katika Bunge la Marekani mwaka wa 1991.

Robinson alifariki New York mnamo Novemba 1972, akiwa na umri wa miaka 65. Kijana aliyewachukia Wazungu wa Knoxville alikuwa amewafikisha watoto wao katika vijiji vya Afrika, wakachota maji kisima kimoja na wenyeji na kujifunza kwao.