Madam C. J. Walker

Madam C. J. Walker (jina la kuzaliwa Sarah Breedlove, Delta, Louisiana, 23 Desemba 1867 – Irvington, New York, 25 Mei 1919) alikuwa mfanyabiashara na mfadhili wa Marekani mwenye asili ya Afrika. Alitajirika kwa kutengeneza mafuta na dawa za nywele kwa ajili ya wanawake Weusi, na kwa kuwafundisha maelfu ya wanawake kazi ya kutunza nywele ili waifanye nyumbani kwao au kwa wateja wao. Mara nyingi hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani aliyefikia umilionea kwa jasho lake mwenyewe, ingawa mali aliyoacha alipofariki ilikadiriwa kuwa dola 600,000 hivi. Hata hivyo kilikuwa kiasi kikubwa mno kwa mtu aliyeanza maisha kwa kuchuma pamba.

Maisha ya awali

Wazazi wake, Owen na Minerva Breedlove, walikuwa watumwa katika shamba la pamba kando ya mto Mississippi. Sarah alikuwa mtoto wa kwanza katika familia hiyo kuzaliwa huru. Alifiwa na mama yake, kisha na baba yake, na alipofikia umri wa miaka 7 alikuwa yatima. Alilelewa na dada yake Louvenia, na wote wawili walihamia Vicksburg, Mississippi, ambako Sarah alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Shule alihudhuria kwa muda mfupi sana.

Aliolewa akiwa na miaka 14 na Moses McWilliams, sehemu kwa nia ya kuondokana na ukali wa shemeji yake. Binti yao wa pekee, Lelia, alizaliwa mwaka 1885. Miaka miwili baadaye Moses alifariki, na Sarah akawa mjane mwenye umri wa miaka 20. Alimchukua mtoto wake akahamia St. Louis, Missouri, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko alifua nguo za watu kwa miaka mingi, kwa ujira wa dola moja hivi kwa siku, na kutokana na kipato hicho kidogo alimsomesha binti yake. Ndoa yake ya pili, na John Davis, haikudumu.

Tatizo la nywele

Katika miaka ya 1890 Sarah alianza kupoteza nywele. Halikuwa tatizo lake peke yake. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya bomba, hivyo watu waliosha nywele kwa nadra, na sabuni zilizotumika zilikuwa kali mno. Mba na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalienea, na nywele zilikatika hadi kubaki mabaka.

Alijaribu dawa mbalimbali, zikiwemo za Annie Turnbo (baadaye Annie Malone), mwanamke Mweusi mwenye kampuni ya Poro pale St. Louis. Sarah alikuwa wakala wake kwa muda. Mwaka 1905 alihamia Denver, Colorado, ambako inasimuliwa kuwa aliwasili na dola 1.50 tu. Alifanya kazi ya upishi huku akiuza dawa za nywele, na muda si mrefu akaanza kuuza mchanganyiko wake mwenyewe. Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua kazi ya matangazo ya magazeti, na kuanzia hapo akajiita Madam C. J. Walker.

Bidhaa yake kuu ilikuwa marhamu yenye salfa na mafuta ya mgando. Turnbo alimlaumu kwa kuiga kazi yake, na uhasama kati yao haukuisha. Ni haki kusema kwamba wote wawili walitumia vitu vilivyojulikana tangu zamani: salfa ilikuwa dawa ya ngozi ya kichwa kabla hawajazaliwa. Walker mwenyewe alieleza kuwa alioteshwa dawa hiyo na mtu mmoja, na kwamba baadhi ya mahitaji yake yalitoka Afrika. Simulizi hiyo ilivutia wateja.

Namna ya kutengeneza nywele

Mara nyingi huandikwa kwamba Walker ndiye aliyevumbua chanuo la moto. Si kweli. Vyuma vya kupasha moto kwa ajili ya nywele vilitumika Ufaransa tangu karne ya 19, na vilikuwa vikiuzwa Marekani kabla hajaanza biashara. Alichofanya ni kuliweka chanuo hilo katika utaratibu wake, likawa hatua ya mwisho na si ya kwanza.

Wakala alianza kwa kuosha kichwa cha mteja vizuri na kupaka marhamu kwenye ngozi. Nywele zilikaushwa kabisa, zikapakwa mafuta mepesi, kisha zikagawanywa mafungu madogo. Chanuo la chuma lilipashwa juu ya jiko na kupitishwa katika kila fungu kuanzia karibu na shina hadi ncha, bila kugusa ngozi. Waliozoea kazi hii hulijaribu chanuo kwanza kwenye karatasi nyeupe au kitambaa: likiacha alama ya kuungua, litaunguza pia nywele, na huachwa lipoe kidogo.

Sababu ya nywele kunyooka ni rahisi kueleza. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na umbo lake hushikiliwa kwa sehemu na vifungo dhaifu ambavyo hulegea kwa maji au kwa joto. Unywele ukivutwa wakati vifungo hivyo vimelegea, ukaachwa ukauke au upoe ukiwa umenyooka, hubaki hivyo. Ukipata unyevu tena, iwe mvua, jasho au mvuke wa jikoni, hurudi katika hali yake ya asili. Draya ya mkononi na brashi ya duara hutumia kanuni hiyo hiyo, ila draya za mkononi zilianza kuuzwa katika miaka ya 1920, Walker akiwa ameshafariki. Katika zama zake mwanamke aliyetaka nywele laini na zilizonyooka bila kutoka nyumbani alitegemea jiko, chuma na mkono usiotetemeka.

Kampuni na mawakala

Mwaka 1908 Walker alihamia Pittsburgh na kufungua chuo cha kufundisha kazi hiyo, akakiita kwa jina la binti yake. Mwaka 1910 alihamia Indianapolis akajenga kiwanda, na mwaka uliofuata kampuni ikasajiliwa. Aliachana na Charles Walker wakati huo lakini akabaki na jina lake. Mwaka 1913 alisafiri hadi Jamaika, Kuba, Haiti, Kosta Rika na Panama kutafuta masoko.

Nguvu ya kampuni ilikuwa mawakala. Msichana Mweusi wa kusini alikuwa na njia chache za kujipatia riziki: kulima, kufua, kupika au kulea watoto wa wengine. Wakala wa Walker aliweza kupata kwa wiki fedha nyingi kuliko mfuaji wa nguo. Kampuni ilidai kuwa imefundisha wanawake wapatao 20,000. Mwaka 1917 zaidi ya 200 kati yao walikutana Philadelphia, na Walker alitoa zawadi si kwa waliouza zaidi tu, bali pia kwa waliochangia zaidi misaada katika miji yao.

Heshima ya wanaume haikuja haraka. Katika mkutano wa wafanyabiashara Weusi uliofanyika Chicago mwaka 1912, mwenyekiti Booker T. Washington hakumpa nafasi ya kuzungumza. Siku ya mwisho Walker alisimama bila kualikwa na kueleza safari yake kutoka shamba la pamba hadi kwenye beseni la kufulia, kisha jikoni, hadi kiwandani. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa wasemaji walioalikwa.

Lawama

Baadhi ya wachungaji na viongozi Weusi walisema kunyoosha nywele ni kuiga Wazungu. Walker hakupenda kuitwa mnyoosha nywele. Alisisitiza kuwa kazi yake ni kuponya ngozi ya kichwa na kuotesha nywele. Utetezi huo ulikuwa na ukweli, lakini haukutosha, kwa kuwa chanuo la moto lilikuwa sehemu ya kazi ya kila wakala wake. Krimu ya kung'arisha ngozi iliyouzwa kwa jina la kampuni yake ililetwa baada ya kifo chake.

Ubishi kama huo ulifika Afrika Mashariki pia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam, iliyopiga marufuku nywele za bandia, krimu za kujichubua, sketi fupi na suruali za kubana. Kwingine nchini kipimo cha urembo hakikuwa nywele ndefu za mwanamke hata kidogo: kwa Wamaasai wa Loliondo na Enguserosambu, wilayani Ngorongoro, wanawake kwa desturi hunyoa kichwa, na waliofuga nywele ndefu, wakazisuka na kuzipaka ngeu nyekundu, ni morani.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1916 Walker alihamia Harlem, New York. Baada ya mauaji ya Weusi huko East St. Louis mwaka 1917, alikuwa katika ujumbe uliokwenda Ikulu ya Marekani kudai sheria dhidi ya watu kuuawa na makundi bila kesi. Rais Woodrow Wilson hakuwapokea. Mwaka 1918 alihamia katika jumba lake, Villa Lewaro, lililochorwa na msanifu Mweusi Vertner Tandy. Aliishi humo kwa muda mfupi tu. Madaktari walimtaka apumzike kwa sababu ya shinikizo la damu na ugonjwa wa figo, naye akaendelea kusafiri. Alifariki akiwa na miaka 51, muda mfupi baada ya kuahidi dola 5,000 kwa NAACP kwa ajili ya mapambano hayo.

Kampuni ilirithiwa na binti yake, aliyekuwa akijiita A'Lelia Walker na ambaye alifariki mwaka 1931. Jengo la kampuni lenye ukumbi wa maonyesho, lililofunguliwa Indianapolis mwaka 1927, lipo hadi leo. Mwaka 1998 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha ya Madam Walker.