Munganga Hugh Trowell na Mishipa ya Moyo

Katika masomo ya biolojia tunajifunza moyo na vyumba vyake vinne, lakini habari ya mishipa inayoziba tunaipita mbio-mbio. Kwa hiyo sisi wa mwaka wa sita tumechagua kuwaandikia maisha ya munganga aliyefanya kazi katika nchi jirani ya Uganda.

Hugh Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea uganga London. Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mke wake Margaret, ndiye yule mama aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere, naye angestahili ukurasa wake mwenyewe. Mwaka 1935 wakahamia Uganda. Huko Trowell alitibu wagonjwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kufundisha vijana waafrika kazi ya uganga. Kwanza alijulikana kwa ajili ya kwashiorkor, ule ugonjwa unaovimbisha miguu ya watoto na kugeuza rangi ya nywele zao. Alishindana miaka mingi kuonyesha kwamba unatoka katika chakula, na mwaka 1954 akatoa kitabu juu yake pamoja na waganga wawili wenzake.

Lakini sisi tunataka kusema juu ya jambo lingine. Kule kwao Uingereza watu wengi walikuwa wanakufa kwa mishipa ya moyo kuziba. Mulago, miaka ikapita na Trowell hakumwona mwafrika hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Ni mwaka 1956 tu ndipo yeye na mwenzake Singh waliandika habari ya mgonjwa wa kwanza. Alikuwa jaji, mtu mnene, ambaye chakula chake kilikuwa kimekwisha kugeuka sehemu kuwa cha kizungu.

Je, ndani ya mshipa kunatokea nini? Kolesteroli si sumu, jamani! Ni namna ya mafuta ambayo ini letu lenyewe linatengeneza, na mwili unaitumia kujenga chembe zake. Taabu inaanza ikizidi katika damu. Hapo inapenya polepole ndani ya ukuta wa mshipa. Chembe nyeupe za damu zinakuja kuisafisha, zinaimeza mpaka zinashiba kupita kiasi na kufia humo humo. Panabaki uvimbe wa mafuta wenye ngozi ngumu juu yake. Kazi hiyo inachukua miaka makumi, hata kuanzia ujana, na mtu hasikii maumivu yoyote. Halafu siku moja ile ngozi inapasuka, damu inaganda pale pale, njia inafungwa. Ikiwa ni mshipa wa moyo, sehemu ya moyo inakufa. Ikiwa ni wa ubongo, mtu anapooza upande mmoja. Tumbako, presha ya damu na ugonjwa wa sukari vinaharakisha mambo.

Siku zile wengine walisema mwafrika amelindwa na asili yake. Kumbe sivyo. Mwaka 1960 waganga walilinganisha maiti 632 zilizopasuliwa Uganda na nyingine 632 za mji wa Saint Louis, Marekani, za umri uleule. Uganda walikuta moyo mmoja tu ulioharibika kwa njia hiyo, Saint Louis 136. Lakini huko Marekani watu weusi nao walikuwa wanaugua. Tena Kampala yenyewe, wahindi wenye maduka waliugua sana, na mwaka 1959 Shaper na Jones walionyesha kwamba kolesteroli ya damu yao ilikuwa juu kuliko ya waafrika. Hewa ni moja, mji ni mmoja, sahani ndiyo tofauti.

Trowell alirudi Uingereza karibu na mwisho wa miaka ya 1950, akawa padri wa Kanisa la Anglikana. Angeweza kupumzika, lakini pamoja na Burkitt, mpasuaji waliyefahamiana Uganda, alirudia ile habari. Yeye alishika neno la nyuzi-nyuzi za chakula: makapi ya nafaka, maharagi, majani. Mwaka 1972 aliandika kwamba ukosefu wake unaleta ugonjwa wa moyo. Kwa maoni yetu hapo alivuta kamba sana upande mmoja, sababu leo inajulikana kwamba mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli ndiyo yenye lawama kubwa zaidi. Hata hivyo nyuzi-nyuzi zinasaidia kuishusha.

Sisi wa Kasongo na Kabambare tunakula wali, mihogo, sombe na maharagi, na tunatembea sana kwa miguu. Mawese hayana kolesteroli, lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito, kwa hiyo sombe haiombi kuogelea ndani yake. Na mtu mzima akianguka ghafula akafa, mara nyingi matanga hayajaisha, mzee fulani amekwisha kuitwa mchawi. Pengine mshipa wake ulikuwa unaziba tangu miaka 20, na hakuna jirani aliyetia mkono. Presha ya damu inapimwa kwa dakika chache tu, na wababa zetu wengi hawajaipima hata mara moja.

Trowell na Burkitt walitoa kitabu pamoja mwaka 1981. Trowell alikufa mwaka 1989, Burkitt akamfuata mwaka 1993.