Robert Koch, mtoto wa mji wa migodi aliyefuata magonjwa ya ng'ombe

Wasomaji wetu wa Kamituga, wa Misisi na wa Twangiza wanajua: makuta ya shimo yakipatikana, wengi wanayapeleka kijijini kununua ng'ombe, mbuzi ao nguruwe. Mifugo ile njo banki ya familia. Ikikufa, masomo ya watoto yanasimama. Juu ya ile, leo tunaeleza maisha ya muganga mumoja ambaye naye alizaliwa kati ya watu wa mgodi.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 kule Clausthal, mji wa Ujerumani uliokuwa unaishi kwa migodi. Baba yake alikuwa na cheo katika kazi ile. Nyumbani watoto walikuwa 13. Robert akasoma uganga, kisha akawekwa muganga wa leta katika mji mudogo wa Wöllstein, ambao leo uko Poland.

Kule kimeta kilikuwa kinaua kondoo na ng'ombe, na watu pia. Koch hakuwa na labo. Akagawanya chumba chake kwa pazia: huku wagonjwa, kule mikroskopu na panya. Mikrobe alizikuza ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe. Katika 1876 akaonyesha kwamba mikrobe ya kimeta njo inaleta ugonjwa ule, na kwamba inajifunika ganda gumu na kungoja ndani ya udongo miaka mingi. Ndiyo maana ng'ombe aliyekufa ghafla hapasuliwi wala haliwi. Anachomwa ao anazikwa chini sana.

Katika 1880 leta ikamwita Berlin, ikamupa labo na wasaidizi. Miaka miwili haijaisha, tarehe 24 Machi 1882, akatangaza mikrobe ya kifua kikuu, ugonjwa ambao wachimbaji wanaujua sana. Tuone vizuri: akili ilikuwa ni ileile, kilichoongezeka ni makuta, vyombo na watu wa kusaidia.

Afrika nayo ikamwita. Mwishoni mwa 1896 alifika Kimberley, mji wa almasi wa Afrika ya Kusini, juu sotoka ilikuwa inamaliza ng'ombe. Aliona kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa na sotoka, ikichomwa kwa ng'ombe muzima, inaweza kumukinga. Katika 1903 akaitwa Bulawayo, juu ya homa kali inayoletwa na kupe, ile wanayoiita ndigana kali. Alijaribu kuchanja kwa damu ya ng'ombe waliopona. Haikufaa.

Katika 1905 alipata zawadi ya Nobel. Mwaka uliofuata akaja visiwa vya Sese, ndani ya ziwa Victoria, kutafuta dawa ya ugonjwa wa usingizi. Alitumia dawa iliyoitwa Atoxyl. Mikrobe ziliporudi, akaongeza kipimo, na wagonjwa wapatao 20 wakapofuka. Hata muganga mukubwa, akizidisha dawa, anaumiza. Koch alikufa tarehe 27 Mei 1910 kule Baden-Baden.

Kazi iliyomushinda Bulawayo iliendelea. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walipata njia: ng'ombe anapewa vimelea vya ndigana vilivyo hai, na siku ileile anachomwa oksitetrasikilini kwa kipimo, ili ugonjwa usimulemee. Hapo antibiotiki ilisaidia kwa sababu wakati na kipimo vilijulikana. Lakini ng'ombe akishalala na homa ile, tetrasikilini haimuponyeshi. Iko dawa yake ingine. Na homa ya nguruwe ya Afrika ni virusi: antibiotiki haifanye kitu kabisa.

Hata hivyo, kwetu wengi wanachoma sindano kwa kubahatisha, leo kidogo, kesho wanaacha. Mikrobe zinazobaki zinazoea dawa. Kisha zinapita kwa nyama, kwa maziwa na kwa mikono, na siku mtoto akigonjwa, dawa ileile inakataa. Muganga wa mifugo aitwe kwanza, kipimo kimalizwe, na maziwa yasinywewe mbele ya siku alizosema kuisha.

Lakini mufugaji hawezi kujua ugonjwa bila labo, na labo haijijengi. Kodi ya madini, kwa sheria ya 2018, inagawanywa: 25 kwa 100 kwa provensi, 15 kwa 100 kwa eneo lenye mugodi. Makuta yale yanatoka ndani ya udongo wetu. Tunaomba sehemu yake ilipe wapimaji na watafiti wa magonjwa ya mifugo hapa Kivu ya Kusini, na wachimbaji waulize wakubwa wao kila mwaka: sehemu ile imefanya nini?