Sheikh Muhammad Abduh, Mwanafunzi Aliyetoroka Darasa

Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye ambaye fikira zake zilimfikia Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui huko Mombasa, naye akazieneza kwa gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932. Wengi humjua kwa fatwa zake. Ni wachache wajuao kwamba alikaribia kuiacha elimu kabisa.

Alizaliwa mwaka 1849, akakulia kijijini kati ya wakulima. Baada ya kuihifadhi Kurani alipelekwa Tanta, katika Msikiti wa Ahmadi. Huko alikaa mwaka mmoja na nusu asifahamu kitu. Walimu walianza na nahau, wakawamiminia vijana istilahi za wanazuoni bila ya kuwaeleza maana yake. Kijana akajidhani hana akili. Akatoroka, akaoa, akaazimia kushika jembe kama ndugu zake.

Mwaka 1865 baba yake alimlazimisha kurudi. Njiani akakimbilia kijiji cha jamaa zake, na hapo akamkuta mjomba wa baba yake, Sheikh Darwish Khadr. Mzee huyu alikuwa mtu wa tarika, nasi tuzoeao kuwakosoa watu wa tarika yatupasa kulikiri hilo. Hakumkemea. Alimpa kitabu, akamtaka amsomee mistari michache, kisha akamfafanulia maana yake kwa maneno mepesi. Kijana alikitupa kitabu kile. Mzee akatabasamu, akamrudia tena na tena. Hazikupita siku nyingi ila Muhammad akawa hataki kuachana na kusoma, na aliporejea Tanta yale yaliyomshinda akayafahamu.

Alikwenda Azhar mwaka 1866. Falsafa alijifunza zaidi nyumbani kwa Jamaluddin al-Afghani, aliyefika Misri mwaka 1871, kwa mazungumzo na majadiliano. Naye alipokuwa mwalimu wa Dar al-Ulum mwaka 1878, aliwasomesha vijana Mukadima ya Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyelaumu ukali juu ya watoto na kuhifadhi kusiko na majadiliano. Hata Kifaransa alijifunza akiwa mtu mzima.

Tangu mwaka 1895 alikuwa katika baraza la uendeshaji wa Azhar, akitaka hesabu na taarikhi zipewe nafasi darasani. Wakubwa wengi walimpinga, na upinzani ule haukumwondokea hata alipokuwa Mufti wa Misri mwaka 1899. Mwaka 1905 alijiuzulu katika baraza, na mwezi wa Julai mwaka uo huo akafariki Iskandaria.