John Akii-Bua: Bingwa wa Njia ya Kwanza

Sisi wa Pwani tukiwataja wanariadha wa zamani, ulimi hukimbilia kwa Seraphino Antao wa Mombasa, aliyetwaa dhahabu mbili mjini Perth mwaka 1962. Ni haki yake. Hata hivyo, makala haya yanamhusu jirani yetu wa Uganda, marehemu John Akii-Bua, ambaye mambo yalipomwendea kombo alikimbilia Kenya.

Alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, kwa baba mwenye wake wengi. Alijiunga na polisi, na humo ndimo alimofunzwa na kocha Jorum Ochana, aliyekuwa mwenyewe mruka viunzi hodari. Baadaye alinolewa na Mwingereza Malcolm Arnold.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi. Wakimbiaji huichukia njia hiyo, kwani kona zake ndizo kali kuliko zote. David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi mwenye rekodi ya 48.12, alikuwamo, Ralph Mann wa Marekani naye alikuwamo. Akii-Bua aliwapita wote, akamaliza kwa sekunde 47.82: rekodi mpya ya dunia na dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Wala hakusimama. Aliendelea kuuzunguka uwanja akiruka viunzi visivyokuwapo.

Idi Amin alimpokea kwa shangwe na kumpandisha cheo; barabara ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini bingwa huyu alikuwa mwana wa Lango, na tangu mapinduzi ya 1971 wanajeshi wa Lango na Acholi walikuwa wakichinjwa kambini. Kwa maoni yangu, sifa zile zilikuwa kitanzi cha hariri. Mwaka 1976 Uganda iliungana na nchi nyingine za Afrika kuisusia Olimpiki ya Montreal. Huko huko, yeye hayupo, Edwin Moses akaivunja rekodi yake.

Amin alipoanguka mwaka 1979, Akii-Bua alihofia kudhaniwa kibaraka. Alivuka mpaka na jamaa zake, akaishia katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomtoa, ikampa kazi Ujerumani. Alikimbia tena Moscow mwaka 1980, asifike fainali.

Hatimaye alirejea Uganda akawa kocha, kazi ile ile ambayo Ochana aliifanya kwake. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, mgane mwenye watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa.